Mzee wa Chumba na Timu Inayofungwa

Tarehe 4 Aprili 1988, timu ya besiboli ya Baltimore Orioles ilifungua msimu nyumbani kwake kwa kufungwa 12–0 na Milwaukee. Ikafungwa mechi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Baada ya mechi sita kocha mkuu, Cal Ripken Mkubwa, alifutwa kazi, na timu akakabidhiwa Frank Robinson. Robinson hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alikuwa mchezaji wa kwanza kuwahi kutangazwa mchezaji bora wa mwaka katika ligi zote mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani, na mwaka 1975, kule Cleveland, alikuwa Mweusi wa kwanza kupewa ukocha mkuu wa timu ya daraja hilo. Katika kikosi alimkuta Cal Ripken Mdogo, mtoto wa kocha aliyefukuzwa, pamoja na Eddie Murray. Wote watatu majina yao yamo leo katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown. Heshima iliyokuwa imekusanyika katika chumba cha wachezaji wale ingetosha timu tatu. Orioles wakafungwa mechi nyingine 15 mfululizo. Ushindi wa kwanza ulipatikana tarehe 29 Aprili mjini Chicago, baada ya vipigo 21, na msimu ulipokwisha hesabu ilikuwa ushindi 54 na kufungwa mara 107.

Mwaka uliofuata Robinson alikuwa bado kocha na Ripken Mdogo bado alikuwa uwanjani. Murray alikwisha kupelekwa Los Angeles. Timu ilishinda mechi 87, ikaikimbiza Toronto kileleni mpaka siku za mwisho kabisa, na Robinson akatajwa kocha bora wa mwaka wa ligi yake.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu hauwapi raha wanaouamini uongozi wala wanaoupuuza. Lau busara ya Robinson ndiyo iliyozaa ushindi 87, busara hiyo ilikuwa imelala wapi miezi kumi na miwili kabla? Kichwa kilikuwa kile kile na sauti ile ile. Kilichobadilika kilionekana kwa macho: vijana wenye mbio walipelekwa kulinda nyuma ya uwanja, mipira iliyokuwa ikianguka chini ikaanza kudakwa, na mrushaji chipukizi Gregg Olson akawa wa kumalizia mechi ambazo zamani zingeponyoka. Hata hivyo kuna jambo ambalo orodha ya wachezaji hailielezi. Ripken Mdogo aliona baba yake akifukuzwa mwezi Aprili, akafungwa siku baada ya siku mbele ya nchi nzima, na hakukosa mechi hata moja. Je, jambo hilo halikuwa na uzito wowote kwa vijana waliofika mwaka 1989? Hapo ndipo swali lilipo, na ni swali la falsafa kabla ya kuwa la michezo: tunamaanisha nini tunaposema kwamba mtu mmoja amewafanya wenzake washinde?

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, maelezo machache yatosha. Mrushaji husimama mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji na kumrushia mpira unaoweza kwenda kilomita 150 kwa saa. Mpira huo hufika kwa muda usiozidi nusu sekunde, na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji wa kuupokea usipogongwa. Mpigaji ana gongo lake na macho yake, basi. Katika kandanda nahodha anaweza kurudi nyuma kumfunika beki aliyechoka, akampigia kelele winga, akaupunguza mwendo wa mechi. Mpigaji wa besiboli hana wa kumpa pasi. Upendo wote wa wenzake waliokaa benchini haumsaidii kuuona mpira uliopinda sentimita chache kabla ya kumfikia. Kwa sura hii huu ni mchezo wa wapweke waliovaa jezi moja, na ningetarajia uongozi uwe na kazi ndogo kuliko katika mchezo mwingine wowote wa timu.

Lakini uwanja ni nusu tu ya maisha ya timu. Msimu una mechi 162 ndani ya takriban miezi sita, karibu kila siku. Wachezaji hufika saa nyingi kabla ya mechi, wakakaa katika chumba chao cha kubadilishia nguo: humo wanakula, wanafungwa bandeji, wanacheza karata, wanatazama picha za warushaji watakaokutana nao usiku, na humo wanarudi wakiwa wamefungwa. Mpigaji stadi kabisa hushindwa mara saba katika kila kumi. Timu bora hufungwa karibu mechi 60 kwa mwaka. Kushindwa ni chakula cha kila siku cha watu hawa wote, na chumbani ndipo chakula hicho kinapoliwa. Ndiyo maana Wamarekani humthamini sana mkongwe ambaye gongo lake limeanza kuchoka lakini neno lake chumbani halipingwi. Mimi humwita mzee wa chumba.

Je, mzee huyu huleta ushindi?

Ushahidi wa kwanza unamkataa. Oakland Athletics walitwaa ubingwa wa World Series mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974, huku wakipigana ngumi wenyewe kwa wenyewe. Juni 1974 Reggie Jackson na Billy North walipigana chumbani mjini Detroit. Mdakaji Ray Fosse alijitosa kuwaamua akaumia shingo na kukaa nje kwa muda mrefu. Kabla ya fainali za mwaka huo huo Rollie Fingers na John Odom nao walishikana, Fingers akashonwa nyuzi kichwani. Wakachukua kombe. Miaka mitatu baadaye Jackson, safari hii akiwa New York Yankees, nusura apigane na kocha wake Billy Martin kwenye benchi kule Boston, kamera za televisheni zikiwamulika. Yankees wakawa mabingwa mwaka huo na uliofuata. Vyumba hivi havikuwa na amani, na havikuhitaji amani, kwa kuwa vilikuwa na watu wanaojua kurusha na kupiga kuliko wapinzani wao.

Upande wa pili kuna Boston Red Sox wa 2011. Mwanzoni mwa Septemba walikuwa wameshika nafasi ya kuingia mtoano kwa pengo la mechi tisa; katika mwezi huo walishinda mechi 7 na kufungwa 20, wakakosa nafasi siku ya mwisho ya msimu. Mwezi Oktoba gazeti la Boston Globe likaandika kwamba baadhi ya warushaji, siku ambazo hawakupangwa, walikuwa wakibaki chumbani mechi ikiendelea, wakinywa bia na kula kuku wa kukaanga. Nchi nzima ikaona hapo ndipo lilipo chimbuko la anguko: chumba kilikosa mzee. Lakini fikiri. Lau timu ile ingeshinda mechi mbili zaidi katika zile 20, kuku yule yule angesimuliwa kama alama ya undugu wa watu wasiobabaika. Tendo ni moja, na matokeo ndiyo yanayolipa jina. Mwanafalsafa David Hume alitufundisha kwamba macho yetu hayaoni sababu ikizaa tokeo. Yanaona jambo likifuatwa na jambo, na akili ndiyo inayotia kiungo katikati. Katika habari za uongozi wa chumbani mambo ni magumu zaidi, kwani aghalabu tokeo hutangulia, kisha tunarudi nyuma kulitafutia mzazi.

Tena wazee wanaosifiwa zaidi walikuwa pia wapigaji hodari. Willie Stargell wa Pittsburgh Pirates mwaka 1979 aliwagawia wenzake nyota za kushonea kwenye kofia kila mmoja alipofanya jambo la maana, na timu ikajiita familia moja. Ni habari njema na ya kweli. Ni kweli pia kwamba Stargell, akiwa na miaka 39, alitajwa mchezaji bora wa fainali. Nyota zile zilitoka kwa mtu aliyekuwa akiitoa mipira nje ya uwanja. Nani atazitenganisha nguvu za kofia na nguvu za gongo?

Kwa hiyo tukimtafuta mzee wa chumba aliye safi, ambaye mchango wake hauchanganyiki na upigaji wake, inatupasa tumtafute asiyepiga. Raúl Ibañez alijiunga na Kansas City Royals katikati ya mwaka 2014, ana miaka 42. Kati ya kila nafasi kumi za kupiga alizopata na timu hiyo hakufaulu hata mbili. Royals hawakuwa wameingia mtoano tangu 1985. Mwezi Julai, wakiwa na ushindi 48 na kufungwa mara 50, wachezaji walikutana wenyewe chumbani mjini Chicago, na Ibañez akawaambia alichokiona alipokuwa upande wa wapinzani: kwamba timu nyingine zinawaogopa, wao tu ndio hawajui. Kuanzia hapo walishinda mechi 41 na kufungwa 23, wakafika fainali, wakalikosa kombe kwa pointi moja katika mechi ya saba.

Naupenda mfano huu, na kwa sababu hiyo hiyo nimeuchunguza kwa wasiwasi zaidi. Royals walikuwa na Wade Davis, Kelvin Herrera na Greg Holland wa kumalizia mechi, warushaji watatu ambao mwaka ule hawakuguswa kwa urahisi na mtu. Walikuwa na Lorenzo Cain na Alcides Escobar katika ulinzi. Kikosi hicho kingeweza kuamka hata pasipo hotuba. Na hotuba za namna hii hutolewa kila mwaka katika vyumba vya timu zinazoendelea kufungwa, isipokuwa hakuna anayezikumbuka. Hata hivyo angalia Ibañez alisema nini. Hakuwaambia wajitume. Aliwapa habari, jambo la kweli kuhusu wao wenyewe ambalo wasingeweza kulijua wakiwa ndani. Habari huweza kubadili namna mtu anavyoutumia uwezo alionao.

Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa utumwani, aliyagawa mambo yote mafungu mawili: yaliyo katika mamlaka yetu na yasiyo katika mamlaka yetu. Nadhani mgawanyo huo ndio unaolifungua suala letu. Kuuona mpira wa kilomita 150 na kuugonga sawasawa kuko karibu kabisa na mwili. Hakuna neno la mzee litakalomwongezea kijana macho. Lakini yapo mengi yaliyo katika hiari: kufika mapema, kukimbia kwa nguvu zote hata mpira unapoonekana umekwisha kudakwa, kusema kweli kwamba bega linauma badala ya kuficha mpaka lichanike, kukubali kufundishwa, namna ya kumtazama chipukizi aliyeikosesha timu ushindi. Uongozi una nguvu juu ya fungu hili. Juu ya lile la mwili hauna. Timu dhaifu hufungwa zaidi kwa sababu ya fungu la mwili.

Pittsburgh wanalithibitisha hili kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Baada ya enzi za Stargell timu hiyo ilizama, na kuanzia 1993 hadi 2012 ilimaliza misimu 20 mfululizo ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Mwaka 2013 ikashinda mechi 94. Kabla ya msimu huo ilimsajili mdakaji Russell Martin, na mashabiki walizungumza sana juu ya ukomavu wake na utulivu aliowapa warushaji. Sehemu ya utulivu huo ilikuwa tayari inapimika. Kamera zilizofungwa viwanjani zilikuwa zimeonyesha kwamba wapo wadakaji wanaoupokea mpira wa pembeni kwa mkono uliotulia kiasi kwamba mwamuzi anauhesabu kuwa halali, na kwamba tofauti hiyo, ikijumlishwa msimu mzima, ni ya ushindi kadhaa. Kwa miaka mingi ustadi huu wa mkono ulikuwa umefichwa ndani ya sifa ya uongozi. Basi katika kila sifa ya namna hiyo kuna uwezekano wa kuwapo ufundi ambao bado haujapata kipimo.

Ila habari ya Pittsburgh haiishii hapo. Wataalamu wa takwimu wa timu walitaka walinzi wahamishwe kutoka sehemu walizozizoea kwenda pale mipira ya kila mpigaji huelekea zaidi. Hesabu zilikuwa sahihi, lakini hesabu haziwezi kuingia uwanjani. Mrushaji anayeona mpira dhaifu ukipenya pale ambapo jana alisimama mlinzi hukasirika, na hasira hiyo huharibu mrusho unaofuata. Kocha Clint Hurdle, mtu wa shule ya zamani, aliukubali mpango na kuwaketisha wataalamu pamoja na makocha ili waulizwe maswali ana kwa ana. Katika timu iliyozoea kufungwa watu wamekwisha kuambiwa mengi na walioshindwa kuyatimiza. Maarifa mapya huhitaji mtu anayeaminika wa kuyabeba, la sivyo hubaki karatasini. Hii ndiyo kazi ya uongozi ninayoweza kuitetea bila kusita: hauumbi kipaji, unazuia kipaji na maarifa yasipotee. Mahali ambapo hakuna cha kupotea, hauna cha kuzuia. Kwa hiyo kadiri timu inavyozidi kuwa mbaya ndivyo tunavyozidi kuulilia uongozi, na ndivyo uongozi unavyokosa cha kushika.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Houston wanatulazimu kuuliza ni wazee gani. Astros walifungwa mara 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013. Wakajijenga upya kwa vijana, na mwaka 2017 wakamleta Carlos Beltrán, mwenye miaka 40, kwa ajili ya hekima yake. Wakatwaa ubingwa. Januari 2020 ripoti ya kamishna wa ligi, Rob Manfred, ikaeleza kwamba wachezaji walitumia kamera kusoma ishara ambazo mdakaji wa timu pinzani humpa mrushaji wake, kisha wakagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mrusho unaokuja. Mchezaji mmoja tu alitajwa kwa jina katika ripoti hiyo: Beltrán. Kocha A. J. Hinch hakupendezwa; mara mbili aliivunja skrini iliyotumika, ikawekwa nyingine, na hakuwaambia waziwazi waache. Ripoti inaeleza kwamba wachezaji waliwaambia wachunguzi kuwa lau Hinch angewaagiza kuacha, wangeacha mara moja.

Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba uongozi wa chumbani una nguvu ya kweli, nao unatoka katika kisa cha aibu. Vijana wale walijua wanachofanya ni kosa. Walisubiri neno moja, na aliyepaswa kulitamka akavunja skrini badala ya kulitamka. Heshima iliyotegemewa kuwainua ndiyo iliyowafunga midomo waliosita. Anayeuliza kama uongozi una maana kwa mafanikio ya timu angeuliza pia mafanikio hayo ni yapi.

Hapa nafika kwenye jambo linalonikera tangu nilipoanza kuufuatilia mjadala huu. Mwaka 1899 timu ya Cleveland Spiders ilishinda mechi 20 na kufungwa 134. Wamiliki wake, ndugu wawili wa ukoo wa Robison, walikuwa wameinunua pia timu ya St. Louis, wakawahamishia huko wachezaji bora wa Cleveland, akiwemo Cy Young, mmoja wa warushaji wakuu wa historia yote. Nani angeiongoza Spiders? Hata angekuwapo mtakatifu chumbani, vipigo visingepungua zaidi ya viwili vitatu. Mwaka 2024 Chicago White Sox walifungwa mara 121, idadi kubwa ya vipigo kuliko zote tangu 1900. Kocha Pedro Grifol alifukuzwa mwezi Agosti, na Grady Sizemore aliyeshika nafasi yake hakuweza kuigeuza hesabu. Timu inapofikia hali hii husikika sauti kwamba wachezaji wamekosa moyo, chumba hakina wazee, vijana wanahitaji mtu wa kuwafokea. Mara nyingi sauti hiyo huwafaa waliobana mikoba. Inahamisha lawama kutoka kwa mwenye mali hadi kwa mwenye jasho, na inamwachia mkongwe mmoja, mwenye magoti mabovu na mkataba wa mwaka mmoja, mzigo ambao ungepaswa kubebwa na watafuta vipaji, walimu wa vijana na fedha.

Kusema hivi si kusema kwamba mzee wa chumba katika timu inayofungwa hana maana. Ana maana, ila haihesabiwi kwa ushindi wa msimu ule. Kijana wa miaka 22 anayefungwa mara 100 katika mwaka wake wa kwanza hujifunza jambo, apende asipende. Anaweza kujifunza kwamba kosa ni la kufichwa, kwamba mwenzako akianguka ni nafuu yako, kwamba ifikapo Agosti mtu hucheza kwa ajili ya takwimu zake mwenyewe. Au anaweza kumwona mtu mzima aliyefungwa jana akifika leo mapema, akiuliza swali kuhusu mrushaji wa usiku, akiketi karibu na aliyekosea bila kumhubiria. Kijana huyo atakapopata wenzake wenye uwezo, pengine katika timu nyingine kabisa, alichojifunza kitaonekana. Aliyemfunza atakuwa amekwisha kustaafu, na hakuna jedwali litakalomtaja. Ni mafanikio yasiyo ya timu ile, wala ya mwaka ule, na bado ni mafanikio.

Hukumu yangu basi ni hii: uongozi wa chumbani ni haki ya wachezaji wanaofungwa, na si dawa ya kufungwa kwao. Mmiliki anayeitaka timu yake ipande atafute kwanza watu wanaojua kurusha, kudaka na kupiga, alipe walimu wa kuwakuza, kisha amlete mzee wa chumba na amchague kwa tabia yake kabla ya jina lake. Na shabiki atakayesikia mwaka ujao kwamba timu yake inafungwa kwa kukosa viongozi, amwulize anayesema hivyo ametumia kiasi gani kwa wachezaji.